Kifurushi cha msiba cha akili mnemba: cha kununua na cha kuacha dukani

Siku hizi ukiingia steshenari ya Mwanjelwa au Uyole jijini Mbeya, au Tukuyu mjini, ukiwa na picha ya marehemu mkononi, fundi haishii kuuliza unataka nakala ngapi. Atakuuliza kama mnahitaji na wasifu uandikwe, picha isafishwe, tanzia ya kutuma WhatsApp, video ya kuonyesha siku ya kuaga, na pengine hata sauti ya marehemu iseme maneno machache ya kwaheri. Kazi zote hizo zinafanywa na akili mnemba, na nyingi zinaisha ndani ya saa moja. Kwa familia ambayo mwili unatoka mochwari kesho asubuhi na safari ya Kyela au Makete bado iko mbele, saa moja ni kitu kikubwa. Kwa hiyo huduma hii inastahili kupimwa kwa makini, kitu kwa kitu, maana ubora wake haulingani hata kidogo. Kuna sehemu ni msaada wa kweli, na kuna sehemu tunawaomba wafiwa wasizikubali hata zikitolewa bure.

Picha ndiyo inayoombwa zaidi, na ndiyo inayoharibika kimyakimya. Mara nyingi inayoletwa ni ya pasipoti, au uso uliokatwa kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine. Picha ya pasipoti ya sentimita 3.5 kwa 4.5 ikipita kwenye skana kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, inatoa nukta kama 827 kwa 1,063. Bango la A3 likichapwa kwa dpi 150 tu linataka nukta 1,754 kwa 2,480. Kila upande lazima ukuzwe zaidi ya mara mbili, na nukta zinazopungua programu inazibuni. Haizitoi kwa mama yenu, kwa sababu haimjui. Inazitoa kwenye nyuso nyingi ilizojifunzia, ambazo nyingi si za watu wa huku, kisha inaweka wastani wake. Ndipo unapoona ngozi imepauka, pua imechongwa, kovu la shavuni limeyeyuka na makunyanzi ya miaka 80 yamenyooshwa kama kwa pasi.

Angalieni mdomo kwanza. Mama aliyekuwa na mwanya, ule mwanya uliofanya watu wamtambue akicheka hata kwa mbali, akipitishwa kwenye programu hutoka na meno yaliyojipanga safu moja. Programu inauona mwanya kama mkwaruzo wa picha, inauziba. Halafu bango linasimamishwa pembeni ya jeneza, na kila anayepita kuaga anahisi kuna kitu hakiko sawa bila kujua ni nini. Aliyepo kwenye bango ni bibi mzuri, ila si bibi wa watu wale.

Dawa ipo na haina gharama. Leteni picha yenyewe, msipige picha ya picha kwa simu, kwa sababu mwanga unaong'aa juu ya karatasi programu huugeuza kuwa ngozi. Kama mwenye picha yuko Makambako na ninyi mko Mbeya, aiskani huko na kuituma WhatsApp kama nyaraka, asiitume kama picha, maana njia ya picha huifinya. Mwambieni fundi azime kipengele cha kuboresha uso, au akishushe mpaka mwisho, aiache programu ifute mikwaruzo ya nyuma na ya nguo tu. Achape kwanza nakala ndogo ya A5. Ukurasa wa rangi hapa mjini ni kati ya shilingi 500 na 1,000, hasara yake ni ndogo kuliko ya bango zima. Iwekeni kando ya picha ya asili, mwiteni shangazi au dada mkubwa, mfunike macho ya picha abaki na mdomo, kisha mfunike mdomo abaki na macho. Akisita, rudisheni. Picha ya zamani isiyo na rangi iacheni ilivyo. Programu ikiipaka rangi inabahatisha, na joho la kwaya ambalo usharika mzima unajua lilikuwa la zambarau litatoka la kijani.

Iringa wana mfano mkubwa wa jambo hili. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolitafuta fuvu la Chifu Mkwawa kati ya mafuvu ya makumbusho ya Bremen, Ujerumani, alitumia vipimo vya vichwa vya ndugu wa chifu walio hai. Vipimo vilibakiza mafuvu machache, na kati ya hayo akachagua lile lenye tundu la risasi. Lakini kilichofunga jambo ni siku ile ya Juni 1954, pale Kalenga, lilipokabidhiwa kwa mjukuu wake Chifu Adam Sapi mbele ya watu wake. Kipimo hupendekeza, ndugu ndio hupokea. Fundi asiyeisubiri kauli ya shangazi hajamaliza kazi, hata kama bango limeshatoka kwenye mashine.

Wasifu ndiyo sehemu yenye faida kubwa na hatari kubwa kwa pamoja. Mfiwa aliyekesha siku mbili hawezi kupanga sentensi, na mashine inaweza. Kosa linaanza pale fundi anapoandika mistari mitatu kwenye programu, jina, mwaka wa kuzaliwa na kazi, kisha anaiagiza itoe kurasa mbili. Programu haina cha kusema ila itasema. Itamfanya marehemu kuwa "mcheshi, mpenda watu na nguzo ya jamii", itampa shule aliyosoma kwa kukisia kutokana na wilaya, na itampa hata mstari wa Biblia alioupenda. Maneno hayo yakisomwa mbele ya watu 600 wa Isongole, watu wanatazamana. Uongo mdogo ndani ya wasifu huwafanya watu washuku hata yaliyo kweli.

Kwa hiyo karatasi ya taarifa ijazwe kwa mkono, na wazee wawili wa pande mbili, wa baba na wa mama, kabla kompyuta haijawashwa. Iwe na jina la ubatizo na la ukoo, kijiji na mwaka wa kuzaliwa, nani walimzaa na yeye alikuwa wa ngapi, shule, kazi na miaka yake, ndoa, watoto wote, waliotangulia wakiwemo, idadi ya wajukuu na vitukuu, huduma kanisani, ugonjwa kwa kifupi, siku, saa na mahali pa kifo. Swali la watoto wa nje ya ndoa lazima liamuliwe na familia hapo, kwenye karatasi, na mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Mashine italitatua kwa kunyamaza, na kunyamaza huko kutasikika msibani kuliko tangazo. Tena orodha hiyo ina miguu: baada ya mazishi kitafuata kikao cha ukoo cha kumchagua msimamizi wa mirathi, na muhtasari wake utakwenda Mahakama ya Mwanzo. Majina ya wasifu yakitofautiana na ya muhtasari, mnajitafutia shauri.

Kisha muipe mashine agizo lililo wazi: panga taarifa hizi, usiongeze neno lolote la sifa, pasipo na taarifa acha nafasi wazi. Hapo inafanya kazi nzuri. Ila mkiisoma rasimu, kuna mitego ambayo inarudi kila mara. Wa kwanza ni umri. Aliyezaliwa Novemba 1948 akafariki Februari 2026 ana miaka 77, siyo 78, na programu hupenda kutoa mwaka kwa mwaka bila kutazama mwezi. Wa pili ni mikoa. Mzee wa Mbozi aliyezaliwa 1950 ataandikiwa "alizaliwa mkoani Songwe", wakati mkoa huo umeanzishwa 2016. Wa Ludewa ataandikiwa Njombe, mkoa wa 2012. Andikeni "mkoa wa Songwe wa sasa", yatosha.

Wa tatu ni undugu, na hapa tunaomba umakini wa pekee. Programu hizi zimelishwa Kiingereza kuliko lugha nyingine yoyote, na Kiingereza hakitofautishi kaka wa baba na kaka wa mama. Basi baba mdogo anageuka mjomba, mama mkubwa anageuka shangazi, na watoto wao wote wanakuwa binamu. Msibani hilo si kosa la sarufi. Baba mdogo ndiye anayekaa na wazee kupanga kaburi lichimbwe upande gani. Mjomba ana kiti chake na neno lake. Ukimwita mmoja kwa jina la mwingine kwenye kipaza sauti, umemwondoa kwenye nafasi yake mbele ya watu. Majina ya ukoo nayo yanateswa. Ukisema kwa mdomo programu iandike, Mwakalinga hutoka "mwaka linga", na Mwakalukwa anaweza kugeuzwa Mwakalinga kwa sababu programu imekutana na mmoja zaidi kuliko mwingine. Majina yote yachapwe herufi kwa herufi.

Lugha ya faraja pia ina asili yake. "Tunasherehekea maisha ya mama yetu" ni maneno ya mazishi ya mbali. Mfiwa wa Rungwe siku ya kuzika hasherehekei, analia. Mwacheni aseme "Bwana ametoa, Bwana ametwaa, jina la Bwana lihimidiwe", ambayo kila aliyeko chini ya turubai anaijibu moyoni. Programu ikiambiwa tu "andika tanzia" huchanganya pia dini, ikaweka raha ya milele ya Wakatoliki kwenye msiba wa Mlutheri, au shada la maua na ratiba ya kuaga kwenye msiba wa Mwislamu ambaye atazikwa leo leo. Kwa msiba wa Kiislamu kinachofaa kwenye kifurushi hiki ni tangazo fupi tu, lililosahihishwa na mtu wa msikiti.

Wale wanaoongezewa "na tafsiri ya Kinyakyusa" wasilipe. Kinyakyusa kina irabu saba, na maandishi yake ni machache mno kwa mashine kujifunzia. Inachotoa ni maneno yaliyookotwa lugha jirani na kufungwa kwa viambishi vya Kiswahili. Bibi anayezikwa kwa lugha yake anastahili msomaji anayeijua, na wapo, hata kama itabidi afuatwe Busokelo kwa bodaboda.

Hapa tuseme jambo ambalo Wamoraviani wanalo karibu kuliko wanavyodhani. Kanisa lao, lililofika Rungwe 1891, lilikuwa tayari na desturi ya tangu karne ya 18 huko Herrnhut, Ujerumani: Mkristo anaandika mwenyewe masimulizi ya maisha yake akiwa hai, nayo yanasomwa siku ya mazishi yake. Kati ya matumizi yote ya akili mnemba tuliyoyapima, hili ndilo tungelisifu bila kusita. Mkae na babu akiwa na nguvu zake, mrekodi kwa simu dakika 30 kwa siku nne au tano, programu igeuze sauti kuwa maandishi, mjukuu asahihishe majina, babu asomewe na kukubali au kukataa. Wasifu huo hauna cha kubuniwa, na mwenyewe ameutia mkono wake.

Ukishakamilika, uchapwe kwa herufi za ukubwa wa 16, nafasi mbili kati ya mistari, karatasi upande mmoja, kurasa zisizidi mbili na nusu. Msomaji ausome kwa sauti usiku wa kuamkia mazishi mbele ya wazee. Makosa ambayo jicho limeyapita, sikio la shangazi huyakamata hapo.

Video haitatuchukua muda. Picha 40, kila moja sekunde 6, ni dakika 4, na inatosha. Faili liwe MP4 kwenye flashi, na mulijaribu kwenye televisheni ileile itakayotumika. Projekta ya kukodi yenye mwanga wa lumeni 3,000 chini ya turubai saa sita mchana haionyeshi kitu, na umeme ukikatika katikati mtakuwa mmewaachia waombolezaji kioo cheusi, kwa hiyo ionyesheni usiku wa matanga. Ile picha ya marehemu inayopepesa macho na kutabasamu, teknolojia iliyopata umaarufu 2021, iondoeni. Watoto wadogo huuliza kwa nini bibi amefumbua macho kule na hapa amelala, na hakuna mtu mzima mwenye nguvu ya kulijibu swali hilo saa ile.

Daftari la rambirambi ndilo mashine inalisaidia kwa heshima. Pigeni picha kila ukurasa, programu itaandika majina na kujumlisha kwa dakika chache kazi iliyokuwa ikimkesheza mweka hazina. Mitego ni sifuri, maana 5,000 yenye doa la wino husomeka 50,000, pamoja na michango isiyo fedha. Debe la mahindi, mkungu wa ndizi, kuni, siku mbili za kuchota maji, vyote hivyo programu huviweka kwenye mstari wa mwisho au huviacha kwa sababu havina tarakimu. Mwambieni fundi atengeneze safu yake. Daftari lenyewe msilitupe. Ni deni la upendo, linarudiwa msiba wa mwenzenu ukitokea, ili aliyewaletea debe asije akalia peke yake.

Deni hilo ndilo linalotupeleka kwenye sauti. Fundi anachukua ujumbe wa sauti wa marehemu kutoka WhatsApp, programu inaiga, kisha inasema chochote kitakachoandikwa: "Wanangu, pendaneni." Kiufundi inatoka vibaya. Mkazo unapotea silabi ya pili kutoka mwisho, lafudhi ya Mbeya inakuwa ya mtangazaji, na kile kikohozi au pumzi ya mzee kati ya sentensi hakipo. Lakini hata ingetoka bila dosari, ushauri wetu usingebadilika.

Duniani jambo hili limejaribiwa kwa namna tofauti, na tofauti zake zina maana. Uingereza, mwaka 2022, Marina Smith alionekana kwenye video akijibu maswali siku ya mazishi yake. Ila majibu yale aliyarekodi mwenyewe akiwa hai, programu ilichagua tu lipi linafaa swali lipi. Huko Tokyo, 2017, roboti Pepper alivalishwa joho la mtawa wa Kibudha na kuonyeshwa akisoma sala za mazishi kama huduma ya kukodi. Roboti yule alikuwa akisoma maneno ya sala yaliyokuwepo. Hakuna kati ya hao wawili aliyemtungia marehemu maneno mapya. Kifurushi cha hapa kinamtungia, na aliyetunga ni kijana wa dukani.

Huku kwetu, tena, kuna mtu mwenye haki ya kumwiga marehemu, na nafasi yake haijawa wazi. Mtani. Anavaa koti la marehemu, anatembea kwa kuchechemea kama yeye, anakohoa kama yeye, anadai pombe aliyokuwa akidai, na wafiwa waliokuwa wamezima wanacheka huku machozi yanawatoka. Anaweza kushuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kitu. Ana ruhusa kwa sababu ana uhusiano: babu zake na babu zenu walikubaliana hivyo, na kwake kukitokea msiba ninyi mtakwenda kumfanyia vilevile. Kila mtu anajua si marehemu, na matanga yakianuliwa anavua koti. Kazi ya namna hiyo ni ya zamani huku. Wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson, walioishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, waliwakuta wanaume wakicheza ngoma ya mazishi kwa mikuki huku wanawake wakilia, na uchezaji ule ndio uliowatoa watu kwenye hofu na kuwarudisha kwenye nguvu. Miguu ilitikisa ardhi, vumbi likapanda, mtu akachoka. Programu haichoki. Haikeshi kwenye baridi ya Julai Makete, haishiki sepeto, na hakuna ukurasa wa daftari unaoweza kuandika jina lake kwa sababu haitafiwa. Watu wa kufa na kuzikana lazima wote wawili waweze kufa.

Kuna na sababu ya kawaida kabisa ya kuikataa. Sauti ikishatengenezwa inabaki kwenye kompyuta ya duka, na sauti ya mkuu wa familia ikiomba mchango utumwe kwenye namba fulani inaaminika haraka. Kamati itangaze namba moja tu ya michango, pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mtumaji, na irudie tangazo hilo kwa mdomo kila jioni msibani.

Ujumbe wa sauti wa kweli, ule aliouacha mwenyewe, ni jambo jingine. Hifadhini nakala mbili, na msiuguse kwa programu yoyote, hata ya kupunguza kelele. Kuku wanaosikika nyuma yake ni wa nyumbani kwake.

Bei ya kifurushi ni maelewano, nayo hupanda kadiri jioni inavyoingia na fundi anavyojua mnazika kesho. Kwa hiyo msichukue kifurushi kizima. Ombeni vitu vitatu, kusafisha picha, kupanga wasifu na kujumlisha daftari, kila kimoja na bei yake, lipeni nusu kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika 1 Mei 2023, na picha, namba na majina ya ndugu walio hai mliyoyaacha pale dukani inayahusu. Kabla ya kutoa nusu iliyobaki, kaeni pembeni ya fundi afungue folda ya msiba wenu, awanakilie kwenye flashi, afute, kisha afute na kwenye kapu la takataka la kompyuta na kwenye mazungumzo ya WhatsApp. Inueni kifuniko cha skana mtazame. Picha ya asili mara nyingi husahaulika pale, imelala kifudifudi juu ya kioo.